Blanketi Halina Joto: Fizikia Kidogo kwa Mwalimu wa Kiswahili

Muhula uliopita nilitunga mtihani wa ufahamu kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Kifungu kilimhusu mzee mmoja wa milimani Kigezi, ambako usiku huwa wa baridi kali, na swali la 4 liliuliza kwa nini mzee huyo alijifunika blanketi. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa na jibu moja tu: kwa sababu blanketi lina joto. Mwanafunzi mmoja akaandika: "Blanketi halina joto. Joto ni la mzee mwenyewe, blanketi linalizuia lisimtoke." Nilimpa sufuri kati ya alama 2, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Soma kifungu!"

Siku ya pili alibisha hodi ofisini. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Ukilifunika jiwe blanketi usiku kucha, asubuhi utalikuta na joto?" Nilinyamaza. Akaendelea, kwa adabu ile ile, kwamba wavuvi wa ziwani huifunika barafu kwa magunia ili isiyeyuke. Je, magunia nayo yana baridi? Kijana huyu alisoma fizikia hadi kidato cha sita kabla ya kuja kwetu. Nilimrudishia alama zake 2. Lililonisumbua zaidi ni wenzake 31 niliowapa alama kamili kwa jibu lisilo sahihi.

Makala hii imetokana na aibu hiyo. Mimi si mwanafizikia. Nimezungumza na wenzetu wa idara ya fizikia, nimesoma vitabu vya sayansi vya shule za msingi za Tanzania, ambako somo hili hufundishwa kwa Kiswahili, na nimejaribu kuyapanga mambo kama anavyoyahitaji mwalimu wa lugha. Tukumbuke kwamba hapa Uganda Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vifungu vya ufahamu vitahitajika kwa maelfu, na vingi vitahusu afya, kilimo, jiko na hali ya hewa. Atakayevitunga ni mimi na wewe. Tusipojua tofauti ya joto na halijoto, tutawafundisha watoto Kiswahili fasaha chenye sayansi mbovu.

Nishati

Tuanze na neno kubwa. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na "kazi" hapa si ile ya kuajiriwa. Ni kukisogeza au kukiinua kitu kwa kutumia kani. Katika mazungumzo tunasema "nguvu" kwa mambo yote haya: nguvu ya umeme, nguvu ya ng'ombe, nguvu ya chakula. Fizikia haiwezi kuvumilia neno moja kubeba mizigo yote hiyo, ndiyo maana istilahi zikatengwa: kani ni ile inayosukuma au kuvuta, nishati ni ile inayotumika au kuhifadhiwa.

Nishati hupimwa kwa jouli, kipimo kilichopewa jina la James Prescott Joule, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeonyesha katika miaka ya 1840 kwamba uzito unaoshuka, ukizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, huyapasha maji hayo. Ukiliinua limau la gramu 100 kwa mita moja umetumia takriban jouli 1. Ni kidogo mno. Sasa chukua lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi uyabandike jikoni. Kila kilo ya maji huhitaji kama jouli 4,200 kupanda uzi mmoja. Hapa Kampala, tulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama vitabu visemavyo, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo lita moja ya maji ya chai inahitaji kama jouli 318,000. Nishati hiyo ingetosha kuliinua gari la tani moja hadi kimo cha mita 32. Mwenzangu wa fizikia aliponipa hesabu hii sikuamini, nikairudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Ni kweli. Birika la chai limebeba nishati ya kulipandisha gari hadi ghorofa ya kumi.

Nishati haizaliwi wala haifi, hubadilika sura tu. Iliyomo ndani ya kilo moja ya mkaa, karibu jouli milioni 30, ilitoka kwenye jua, mti ukaihifadhi, na moto wa sigiri unaiachia. Kama yote ingeingia majini, kilo moja ya mkaa ingechemsha lita 90 na zaidi. Kila anayenunua mkaa anajua kwamba haichemshi hata robo ya hizo. Nishati iliyobaki haikupotea. Imepasha hewa ya jikoni, kuta, sufuria yenyewe, na uso wa mpishi.

Joto na halijoto

Hapa ndipo lugha yetu ya kila siku inapotuangusha. Tukisema "leo kuna joto", "mtoto ana joto", "maji yana joto", neno ni moja, ilhali fizikia inaona mambo mawili.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizotulia. Katika jiwe zinatikisika mahali pake, katika maji zinateleza na kupishana, katika hewa zinaruka huku na huko na kugongana. Halijoto ni kipimo cha wastani wa ukali wa mwendo huo, nacho kipimajoto hukisoma kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda kitu chenye halijoto ya chini. Tazama neno "inayohama". Kwa mwanafizikia makini, kitu hakina joto kama mtu alivyo na fedha mfukoni. Kitu kina nishati ndani yake, na nishati hiyo inapovuka kwenda kwa kingine ndipo inaitwa joto. Kwa hiyo hata yule kijana wangu, aliposema joto ni la mzee, alisema kama tusemavyo sote. Nami sikuwa na uso wa kumkosoa.

Chukua kikombe cha chai ya nyuzi 80 na pipa la maji ya nyuzi 30. Halijoto ya kikombe iko juu kwa mbali. Lakini ukiviacha vyote viwili vipoe kwa uzi mmoja mmoja, pipa litatoa nishati nyingi zaidi mara mamia, kwa sababu lina maji mengi zaidi mara mamia. Tofauti hii haikuwa wazi hata kwa wataalamu wa Ulaya hadi karne ya 18, pale Joseph Black, mwalimu katika vyuo vikuu vya Uskoti, alipowaonyesha wanafunzi wake kwamba barafu inayoyeyuka humeza joto jingi bila halijoto yake kupanda hata kidogo. Basi tusiwacheke wanafunzi wetu.

Kuhusu istilahi, "halijoto" ina mwenzake "jotoridi", na utayakuta yote mawili katika vitabu vya Tanzania. Istilahi za sayansi kwa Kiswahili si jambo la jana: TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mimi napendelea halijoto, kwa kuwa mwanafunzi anayaona maneno mawili ndani yake, "hali" na "joto", akaelewa kwamba tunazungumzia hali ya kitu. Mwenye kupenda jotoridi na atumie jotoridi, lakini asichanganye yote mawili katika kifungu kimoja. Neno ninalolionea shaka ni "nyuzijoto", maana linawafanya wanafunzi waamini kwamba nyuzi zinapima joto. Zinapima halijoto.

Na baridi? Kwa mwanafizikia hakuna kitu kiitwacho baridi. Kuna nishati kidogo tu. Hata hivyo tusikimbilie kuisahihisha lugha ya watu. Mama anaposema "funga mlango, baridi inaingia", hajakosea sana, kwani hewa yenye halijoto ya chini inaingia kweli na ile yenye halijoto ya juu inatoka. Kosa ni kuandika katika kifungu cha sayansi kwamba baridi ya barafu iliingia kwenye soda. Kilichotokea ni joto la soda kwenda kwenye barafu. Hapa Kiswahili kina kitenzi kizuri ambacho hatukitumii vya kutosha, nacho ni "poa". Chai imepoa. Hakuna kilichoingia ndani ya chai; imepungukiwa. Afundishaye "poa" na "poza" vizuri amekwisha kufundisha nusu ya somo.

Jaribio la darasani lisilohitaji maabara ni hili. Asubuhi na mapema, waambie wanafunzi waguse mguu wa chuma wa dawati, kisha ubao wake. Wote watasema chuma kina baridi zaidi. Ukipata kipimajoto, utaona kwamba vitu hivyo viwili, vilivyolala chumba kimoja usiku kucha, vina halijoto ile ile. Kidole hakipimi halijoto. Kidole kinahisi kasi ambayo joto linakitoka, na chuma hulichukua haraka kuliko mbao. Wakibisha, weka kipande cha barafu juu ya kifuniko cha sufuria na kingine juu ya kibao cha kukatia nyama. Watatabiri kwamba cha kwenye kifuniko kitadumu, maana kifuniko "kina baridi". Hicho ndicho kitakachoyeyuka kwanza.

Njia tatu, na kitenzi kimoja cha zamani

Vitabu vya shule vinataja njia tatu za joto kuhama: mpitisho, myuko na mnururisho. Wanafunzi wengi huyakariri kama majina ya watu wasiowafahamu. Yote matatu yapo kwenye sigiri moja yenye sufuria ya maji.

Mpitisho hutokea ndani ya kitu au baina ya vitu vinavyogusana. Chembe za chini ya sufuria zinatikiswa na moto, zinawatikisa jirani zao, na hao jirani zao, hadi mpini unaunguza. Hakuna chembe iliyosafiri kutoka chini hadi mpinini. Kilichopita ni nishati. Napenda kuwafananishia wanafunzi na ndoo za maji zinazopokezanwa kwa mstari siku nyumba inapoungua: watu wamesimama, ndoo zinakwenda. Metali hupitisha vizuri kwa kuwa zina elektroni zisizofungwa mahali pamoja. Alumini ya sufuria hupitisha joto mara zaidi ya elfu moja kuliko mbao ya mwiko, na hewa iliyotulia hupitisha kidogo kuliko hata mbao. Hapo ndipo siri ya blanketi, ya sweta, na ya manyoya ya kuku siku ya mvua. Si sufi inayozuia joto. Ni hewa iliyonaswa ndani ya sufi. Blanketi lililolowa halifai kitu, maana maji yamechukua nafasi ya hewa.

Myuko ni njia ya vimiminika na gesi. Maji ya chini ya sufuria yakipata joto hutanuka, yanakuwa mepesi kuliko ya juu, yanapanda. Ya juu yanashuka kuchukua nafasi. Humo mada yenyewe ndiyo inayosafiri, imebeba nishati yake. Kwa mfano wetu wa nyumba inayoungua, sasa kila mtu anakimbia na ndoo yake. Sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunaishi ndani ya myuko mkubwa. Mchana nchi kavu hupata halijoto ya juu upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu imepoa, ziwa bado limehifadhi, hewa inapanda juu ya maji na pepo za nchi kavu zinakutana huko katikati. Ndiyo maana radi na dhoruba za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku, saa wavuvi wako majini. Kwao hili si somo la darasani.

Mnururisho ni njia isiyohitaji kitu chochote kati ya mtoaji na mpokeaji. Joto la jua hutufikia kwa kupita kilomita milioni 150, karibu zote zikiwa ombwe tupu, kwa muda wa dakika 8 na kidogo. Hakuna chembe za kupokezana wala hewa ya kupanda. Ni mawimbi ya aina moja na mwanga na redio.

Sasa hapa nina lalamiko na pendekezo. Neno "mnururisho" limetokana na nuru, na mwanafunzi akiona nuru huwaza mwanga. Niliuliza darasa zima kama pasi ya umeme iliyo moto, isiyong'aa, inatoa mnururisho. Karibu wote walisema haitoi, "kwa sababu haina nuru." Mantiki yao ya kilugha ni safi kabisa, na jibu lao si sahihi. Isogeze pasi karibu na shavu bila kugusa utahisi. Vitu vyote hutoa mnururisho, mwili wako na wangu pia. Macho yetu tu hayaioni sehemu hiyo ya mawimbi.

Pendekezo langu ni kwamba tusianze na istilahi. Tuanze na kitenzi ambacho bibi zetu walikuwa nacho kabla ya istilahi zote, yaani "kuota". Mtu huota moto na huota jua. Haoti maji, haoti hewa, haoti sufuria aliyoishika. Nimetafuta mfano wa kuvunja kanuni hii na bado sijaupata. Aotaye moto amekaa kando, si juu yake, kwa hiyo hewa ya moto inayopanda haimfikii. Wala hagusi kaa. Kinachomfikia ni mnururisho, ndiyo sababu uso unaungua na mgongo unatetemeka kwa baridi, akageuka kama mkate wa kusukuma. Neno "moto" lenyewe ni la ukoo mmoja na kitenzi hiki, na Waganda wana "okwota" kwa maana ile ile. Mwanafunzi akishatambua kwamba kuota moto na kuota jua ni jambo moja, mwambie: wanasayansi huliita mnururisho. Halisahau tena.

Chupa ya chai ni mahali pazuri pa kuyapima yote matatu. James Dewar aliitengeneza mwaka 1892 kwa ajili ya gesi zilizopoozwa hadi kuwa kimiminika, si kwa chai. Kuta zake mbili za kioo zina ombwe katikati, hivyo mpitisho na myuko havipati njia; na kioo kimepakwa fedha ing'aayo ili mnururisho urudishwe. Chupa hiyo hiyo huweka maji ya baridi yakiwa baridi, na kila mwaka mtu huuliza chupa inajuaje. Haijui. Inazuia joto kuhama, kuingia au kutoka.

Kuna jambo la nne ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni mvuke. Kuigeuza kilo moja ya maji yanayotokota iwe mvuke mtupu kunahitaji jouli milioni 2.26 hivi, kama mara 7 ya zile tulizotumia kuyachemsha, na wakati wote huo halijoto haipandi. Mvuke ukigusa kitu kilichopoa zaidi, unarudi kuwa maji na kuikabidhi nishati yote hiyo papo hapo. Mapishi ya matoke yamejengwa juu ya jambo hili: ndizi zimefungwa katika majani ya mgomba, hazigusi maji yaliyo chini, mvuke unapanda, unagandamana nazo na kuacha jouli zake. Ndiyo maana pia mvuke wa sufuria huunguza vibaya kuliko maji yake. Na kwa upande wa pili, mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu yale yanayopenya na kukauka nje huondoka na nishati ya yale yaliyobaki ndani.

Maziwa ya Mpemba

Nimeacha kisa hiki mwisho kwa sababu kinahitaji maneno yote yaliyotangulia. (Mpemba hapa ni jina la mtu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kuhusu ugunduzi wa wenyeji wa kisiwa cha Pemba.)

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu. Kwa kuogopa kuikosa, Mpemba aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na mwenzake akaweka ya kwake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akaibandika jina lake fizikia hiyo kana kwamba ni ya kwake peke yake. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasa lilimtania kwa maneno hayo. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama akauliza tena mbele ya wote. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Hoja ya walimu ilionekana haina tundu. Maziwa ya nyuzi 100 lazima yashuke hadi 35 kwanza. Yakifika hapo, yamekuwa sawa na yale yaliyoanzia 35, na kuanzia hapo yatachukua muda ule ule. Yatawezaje kutangulia? Tundu limo katika maneno "yamekuwa sawa". Halijoto ni sawa, lakini halijoto ni moja tu ya hali za kitu. Maziwa yaliyoanza yakiwa ya moto yamepungua kwa kutoa mvuke, na mvuke umeondoka na nishati nyingi. Yana myuko mkali zaidi ndani yake, unaoleta ya moto juu ambako yanapoteza joto upesi. Gesi iliyoyeyuka ndani yake imetoka. Na chombo chake huenda kimeyeyusha theluji iliyokuwa sakafuni mwa jokofu, kikagusana na metali yenyewe, na mpitisho ukawa bora.

Je, jambo hilo hutokea kweli? Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio kwa maji na kusema hawakuona ushahidi wa kuaminika. Waligundua pia kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu. Wengine wanaendelea kulitafuta. Mimi nadhani hata kama maji matupu hayatii, swali lilikuwa halali na wakati wa kulicheka haukuwepo. Nikikumbuka ule wino wangu mwekundu, siwezi kuwanyooshea kidole walimu wale.

Nimeubadilisha mwongozo wa swali la 4. Sasa unasomeka: "Kwa sababu hewa iliyonaswa katika blanketi hupunguza joto linalotoka mwilini kwenda nje. Jibu lolote linaloonyesha kwamba blanketi huzuia joto lisitoke lipewe alama 2. Jibu kwamba blanketi lina joto lipewe alama 1 ya lugha, na mwalimu alizungumzie darasani." Wale 31 niliwaita, tukalizungumza kwa saa nzima, jiwe likiwa mezani.

Wiki iliyopita kijana yule alirudi. Safari hii aliuliza kama feni inapunguza halijoto ya chumba kilichofungwa. Nilikuwa nimejiandaa kidogo: haipunguzi, na kwa kuwa mota yake hutumia umeme, inaiongeza kidogo, anayepoa ni mtu, kwa hewa inayoliondoa joto la ngozi yake na kukausha jasho. Nilitaka kulitia swali hilo katika mtihani wa muhula huu, lakini kwa kuwa nimelijibu hapa itabidi nitafute jingine.